Mlinzi wa Nyutro

Je, umewahi kukaa kando ya waya kama mtu anavyokaa kando ya mgonjwa? Basi yupo mkamwana mmoja, Fundi wanamwita, anayekaa kando ya wa kwake kutwa nzima katika chumba cha kuchajia betri, nyuma ya duka la baba mkwe. Chumba chenyewe hakina dirisha. Mashine zimejipanga ukutani zikinguruma, naye juu ya kigoda, kila saa anapapasa ganda la nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Ukichemka, anazima mashine mbili tatu. Asipokuwapo, duka litaungua.

"Wifi, kumbe umeolewa na waya!" dada wa mumewe humtania akimletea chai. "Kaka yangu unamwachia nani?"

"Mwambie aje tukae zamu, mapenzi yatakolea."

Hucheka, lakini anajua kosa ni lake. Zamani umeme ulikuja kwa waya mwembamba, mrefu, uliozunguka ua mzima. Betri zilijaa kwa kujivuta, ila hakuna kilichochemka. Fundi akaona ule waya ni aibu, akavuta mnene, mfupi, moja kwa moja kutoka transfoma mpya iliyo nyuma ya ukuta. Hakujua kwamba ule wa zamani ndio uliokuwa ukizituliza mashine. Mashine hizi haziunywi umeme mfululizo, hupiga mafunda. Njia ilipokuwa finyu, zilivuta taratibu. Njia ilipofunguka, kila moja ikapiga funda fupi, kali, na makali yote yakajazana kwenye nyutro.

"Baba, nina neno langu," amejaribu mara nyingi kumwambia baba mkwe.

"Mashine zikijilinda zenyewe, mwanangu, tutazungumza."

Siku moja, mguu juu ya robota la waya wa zamani, akaguna: kumbe ule mzunguko mrefu ndio uliokuwa ukizituliza mashine! Akatafuta vyuma vya transfoma mbovu, akavizungushia waya mnene, akafunga koili moja ya namna hiyo mbele ya kila mashine, ili ivute umeme taratibu kama zamani. Akaziwasha zote. Akapapasa nyutro, akapapasa tena baada ya chakula cha mchana. Vuguvugu tu.

Akamwita mzee, naye akaushika waya mwenyewe.

"Eh! Umepoa. Haya, kigoda kipeleke jikoni ukapumzike."

Fundi hakukigusa.

"Sikitaki jikoni, baba. Nataka karakana yangu mwenyewe, yenye dirisha."