Plagini Isiyopima

Kabla hakujapambazuka nilisikia feni ya kompyuta ikikoroma sebuleni, nikajua mama mkwe anatafuta kipimo cha mteja. Ni fundi wa nguo. Vipimo vya wateja wake wote, vya miaka kumi na miwili, vimo kwenye ukurasa mmoja unaofunguka kwa plagini tu, kile kijiprogramu kinachobandikwa kwenye kivinjari. Walioitengeneza waliitelekeza zamani. Na juzi, kwenye darasa langu la kompyuta la jioni, mwalimu alituambia plagini za namna hiyo ni mlango wa wezi. Usingizi ukanipaa.

"Mama, tuitoe leo. Vipimo vya watu vitaibwa."

"Mwizi ana haja gani na nyonga za watu?" Hata hakugeuka. "Kitu kinafanya kazi, nyinyi mnataka kukitoa. Hiyo shule yako!"

Lakini nilijua anavyozilinda siri za wateja. Hata mume wa mtu akiuliza, hamtajii kiuno cha mkewe. Zikivuja, nani atarudi kwake?

Nikavuta kigoda.

"Kumbukumbu ya kompyuta ina vyumba vyumba, mama. Ukurasa wa mwizi mtandaoni unakuja na mzigo, unaiambia plagini, mzigo wangu ni mdogo tu, nipe chumba. Inatoa chumba bila kuupima. Kumbe mzigo ni mara tatu! Unafurikia chumba cha jirani, unafuta yaliyokuwamo, na mwizi anaandika amri zake pale."

Mama mkwe akavua miwani.

"Ngoja. Haipimi?"

"Haipimi."

"Inaambiwa tu kiuno thelathini, inakata kitambaa?"

"Hivyo hivyo."

"Toba! Fundi gani huyo?" Akasimama, tepu ikining'inia shingoni. "Mimi hata bibi harusi aape, namzungushia tepu kwa mkono wangu. Itoe! Itoe sasa hivi!"

"Tunakili kwanza, mama, la sivyo vipimo vinakwenda nayo."

Basi yeye akawa anasoma, mimi naandika kwenye daftari kubwa. Binti yangu wa miaka sita akaamka, akajibanza kati yetu. Siku hizi hapiti penye tarakimu bila kuzisoma. Saa mbili asubuhi tulimaliza, nikaing'oa plagini.

"Mwambie mwalimu wako ana akili," alisema mama mkwe. Kwa kinywa kile, hicho ni cheti.

Hodi. Mke wa mwenye nyumba, na kitambaa kipya kwapani.

"Fundi, leo usihangaike kunipima. Kiuno changu ni kile kile, thelathini na mbili."

"Haya, dada yangu," mama mkwe akasema kwa upole, maana huyo huachwa aseme atakalo, halafu hupimwa akizungumzishwa habari za watoto. Akanyoosha mkono alifunge daftari.

Alichelewa. Kidole cha binti yangu kilikuwa kimeshafika kwenye kipimo cha kiuno cha mke wa mwenye nyumba.

"Bibi, hapa imeandikwa arobaini na moja."