Yai la Upande wa Lami

Paa la ghala la samaki lilikuwa bapa, na shakwe wa baharini walilifanya kisiwa chao. Upande wenye kokoto za zamani vifaranga walianguliwa mpaka kelele zao zikawaudhi wakubwa ofisini. Upande wa pili mayai yaliharibika moja baada ya jingine. Meneja akaamuru upande huo ufagiliwe, mayai na viota, kabla ya jioni. Kufagia ndiyo kazi wakubwa wanayoiweza, mradi ufagio ushikwe na mwingine.

Ukashikwa na fundi wa paa, mwanamke mwenye viganja kama msasa, pamoja na shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Ndege walewale, jua lilelile," fundi alisema, akichuchumaa. "Kwa nini huku hayaanguliwi?"

"Labda wa huku ni wavivu, shemeji."

"Hata sisi walituita hivyo."

Akagusa paa, akarudisha mkono haraka. Mwaka jana kampuni iliwaamuru waondoe kokoto upande huu, wamwage lami. Mvua ikinyesha, maji yanatuama. Jua likitoka, lami inachemka. Yai lisilo na kitu cha kulizuia linabingiria, linalowa, kisha linapikwa. Lilikuwa limebaki moja tu zima, na shakwe wake alikuwa amelisimamia kulitia kivuli, mdomo wazi, akihema.

Fundi hakuweza kulifagia. Alimfukuza ndege, akatengeneza kishimo kwenye kokoto, hatua chache tu kutoka pale, akatandika nyasi kavu, akaliweka yai, akajibanza kuangalia.

Shakwe alitua. Akalipita yai lake kama jiwe la njiani, akaenda moja kwa moja kwenye lami tupu, akajitikisa, akaatamia hewa.

"Kichaa huyu!" shemeji akacheka. "Kapewa jumba, anakalia sakafu!"

"Nyamaza kwanza. Mbona halijui yai lake?" Fundi akakaza macho. "Kumbe analolijua ni mahali."

Kicheko hakikumjia. Nyumba za wafanyakazi zilipovunjwa kupisha ghala hilihili, waliambiwa wanapelekwa pazuri zaidi. Na palikuwa pazuri kweli, saruji bado inanukia. Lakini mama yake alirudi kila asubuhi kuketi palipokuwa mlango wake, mpaka wakamfungulia mbwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Leo binti yake kamhamisha mama mwingine vilevile, tena kwa nia njema!

"Shem, lete kokoto. Ndoo nzima."

"Tumeambiwa tufagie, hatukuambiwa tujenge."

"Unaleta, au unashuka bila ngazi?"

Akaleta. Wakazimwaga palepale ndege alipokuwa amekalia, wakainua kiota juu ya pale maji ya mvua yanapotuama, wakakizungushia nyasi. Ndege akawapiga mbawa kichwani na kuwanyea mabegani. Fundi alipoliinua yai kulirudisha kiotani, kitu kilikwaruza ndani, kidogo sana, kama kucha kwenye sahani.

"Sikia!"

Shemeji akatega sikio, akasahau mabega yake.

Waliporudi nyuma, shakwe alishuka, akalizungusha yai kwa mdomo, akachanua manyoya ya kifua, akatulia.

Chini uani meneja akapaza sauti: "Huko juu mmemaliza? Pamekuwa peupe?"

Fundi akachungulia ukingoni, ufagio ukiwa chini ya mguu wake.

"Bado," alimjibu. "Tunahitaji kokoto zaidi."