Safu ya Mlangoni

Mkaguzi wa kinu alilichoma gunia kwa bambo kama anayemchoma mtu aliyemtukania mama. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji, kinachotoa nafaka tumboni mwa gunia bila kulifungua. Akalizungusha, akalichomoa, akakinga kiganja.

Ngano iliyotoka ilikuwa inatembea.

Wembe, mwenye gunia, alikodoa macho. Fukusi weusi, pua ndefu kama za wambea, walipanda vidole vya yule mama mkaguzi, wakaanguka, wakapanda tena. Mkaguzi akatia konzi moja kwenye kikombe cha maji. Ngano nzima huzama. Hii ilielea kama maganda. Akaopoa punje moja, akaibonyeza kwa ukucha, ikapasuka ikatoa vumbi.

"Kiini kimeliwa, limebaki koti," alisema. "Ukiisaga hii unasaga vinyesi. Unga wake hauumuki, mkate unakaa kama tofali, halafu unanuka. Hebu ingiza mkono humo."

Wembe akafungua mdomo wa gunia, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Ngano ilikuwa na joto la mgonjwa wa homa.

"Mama, miezi miwili tu iliyopita niliikagua mwenyewe, ilikuwa safi. Nakuapia!"

"Basi wamehamia baadaye. Hawakukupigia hodi?"

Winchi, kuli wa ghala mwenye mdomo usio na komeo, akacheka peke yake.

Mkaguzi aliendelea kuchoma, gunia baada ya gunia, akitikisa kichwa, mpaka akaifikia safu ya mlangoni. Hapo ngano ilitoka baridi, nzito, inang'aa.

"Hii upepo umeiokoa. Naichukua leo hii, iliyobaki siitaki hata kwa dawa. Na nikwambie mapema, baba: kinu hakina simile. Ghala lisilotoa kitu msimu mzima, jina la mwenyewe linafutwa."

Wembe akaitazama ile safu. Msimu mzima wa kuvunjika mgongo umebaki safu moja! Lakini safu ni safu. Mwenye jina kinuni mwakani atarudi. Aliyefutwa atakwenda kubeba magunia ya wenzake pamoja na Winchi.

Ghala lile walirithi wawili, Wembe na kaka yake Tingatinga, kila mmoja na rundo lake, katikati ujia mwembamba. Marehemu baba yao aliwaachia sheria moja tu: mmoja akiona mdudu, apige kelele, marundo yote mawili yafunikwe turubai na kupigwa dawa siku moja, maana mdudu hajui mirathi. Lakini tangu wake zao wapakane matope kisimani, ndugu hawa hawakusemeshana. Neno likitoka kwa huyu kwenda kwa yule, Winchi ndiye aliyekuwa simu.

"Mimi sisemi kitu," Winchi alisema, na aliyemjua alijua sasa atasema vyote. "Ila mwezi huo huo kaka mtu alinifungia humu mchana kutwa, tumechekecha ngano yake milango imefungwa. Wadudu wanapanda ukuta kama jeshi! Nikamwambia, bosi, tuitoe nje juani. Akasema, watu wataona."

Watu wataona! Kwa kuogopa macho ya watu Tingatinga hakuwaua fukusi wake. Aliwatimua tu, nao wakavuka ujia, wakapata nyumba mpya kwa mdogo mtu.

Wakati huo huo Tingatinga akaingia, kijiti cha meno mdomoni. "Mbona mmenuna? Nani kafa?"

"Ulijua una mdudu?" Wembe aliuliza.

"Ngano gani haina mdudu?"

"Nakuuliza ulijua?"

"Nikujulishe wewe, mkeo autangazie mtaa mzima?"

Ngumi ya Wembe ilikisukumia kile kijiti kooni. Tingatinga akakitema pamoja na damu, akamrukia. Mtu hapewi jina lile bure. Alimkaba mdogo wake shingo, akamgongesha kichwa kwenye nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka vumbi likaanguka kutoka darini.

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," alisema Winchi.

"Jembe gani, mpumbavu! Shika miguu yao!" mkaguzi akafoka.

Wembe akalinyakua bambo mkononi mwa yule mama. Alilenga tumbo. Tingatinga akapinda, chuma kikamchana ubavu, shati likalowa mara moja. Wembe akamwinulia teke la goti, na lile pande la mtu likaenda kinyumenyume, likajibwaga kwenye rundo lake lenyewe.

Gunia la ngano nzima hukaa kama jiwe. Lililobunguliwa hulegea, na lililolegea halimbebi mwenzake. Rundo la Tingatinga lilipinda kama mlevi, likaguna, likamwangukia lote, likamsukuma hadi ng'ambo ya ujia, likamgandamiza kwenye safu ya Wembe ya mlangoni. Kilichobaki kuonekana ni mkono mmoja na nusu ya uso, na ngano ya fukusi ikimiminika mdomoni mwake.

Wembe alisimama na bambo, anahema. Mkono wa kaka yake ulikuwa unaparura sakafu. Aliutazama, na roho yake, Mungu amsamehe, ilipoa.

Winchi akavuta gunia la juu, yakashuka mawili.

"Acha! Unamzika!" mkaguzi alipiga kelele. "Pasua haya ya chini, huku mlangoni, yamwagike apate nafasi!"

Haya ya chini. Safu yake nzima.

"Nikipasua," Wembe aliuliza, "utaichukua?"

Yule mama akamtazama kana kwamba amemwona leo. "Ikishachanganyika na hii? Hapana."

Mkono ukaacha kuparura.

Wembe akachoma. Akachana gunia kutoka juu hadi chini, akachoma la pili, na kila pigo na tusi lake: "Mbwa wewe! Mwizi! Bora ungezaliwa bubu!" Ngano baridi ikamwagika miguuni, fukusi wakaipanda bila kuchelewa. Magunia yakanywea, pengo likafunguka, Winchi akaingiza mabega, wakamvuta kwa mkanda. Mguu wake mmoja ulikuwa umeelekea kusikostahili.

Tingatinga alikohoa punje, damu na wadudu. Alipopata pumzi akamshika mdogo wake ukosi.

"Umeuliza kwanza," alisema. "Nilikusikia. Umeuliza kwanza."

Wembe akalitupa bambo. Akamzaba kofi zito, akainama, akambeba mgongoni. Kila hatua kaka mtu alimpiga ngumi ya kisogo, naye akaendelea kutembea kuelekea barabarani.