Kinyonga wa Shedrack

Filemon alimpelekea Jaimin, mwalimu wa baiolojia pale Moshi, kinyonga aliyeachwa na marehemu mdogo wake, Shedrack. Alitaka kumrudisha msituni alikotoka.

"Shedrack alisema alimwokota kwetu Masama, hapa hapa Kilimanjaro," Filemon akaeleza.

Jaimin akazitazama pembe tatu. "Huyu si Mchagga, kaka, ni Mmeru. Wa pembe tatu wako aina nyingi, lakini hawa wadogo wenye ubavu wa manjano wapo Mlima Meru tu."

Filemon hakucheka. Mke wa Shedrack alikuwa amerudi kwao Meru, na Filemon ndiye aliyemkataza mdogo wake asimfuate. Kumbe alimfuata kimyakimya.

Na mwanamke yule hajaambiwa hata msiba. Filemon akafunika kikapu, akauliza basi la Arusha linaondoka saa ngapi.