Madoa Kwenye Tangi la Maziwa

Mageti, aliyepewa jina hilo mtaani kwa kuwa kazi yake ni kuchomelea mageti, aliamini jambo moja tu: chuma hakiaminiki mpaka kisuguliwe. Kwa hiyo dada yake alipomwita azibe ufa katika tangi la stenlesi la kiwanda chake kidogo cha maziwa, alichomelea vizuri, kisha akausugua mshono kwa brashi ileile ya waya anayosugulia mageti. Siku chache baadaye madoa ya kutu yakatokea. Akasugua tena. Yakaongezeka.

Leo mkaguzi wa afya alikuwa ameinamia tangi, tochi mkononi.

"Mama, humu hamtiwi maziwa. Nitarudi jioni. Nikikuta kutu, nafunga kiwanda."

"Stenlesi gani inashika kutu?" Mageti alidakia. "Dada, umeuziwa kopo."

"Kopo ni kichwa chako. Kabla hujaja lilikuwa na ufa tu, si kutu."

Mkaguzi alizima tochi. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mahali pengi bila faida.

"Stenlesi haina ushujaa. Ina kromiamu, nayo ikikutana na hewa hufanya utando wa oksidi, mwembamba hata huuoni. Huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi chuma ni safi. Wewe, kwa brashi hiyo uliyoshika, umepachika humo chembe za mageti ya watu. Ndizo zinazoshika kutu, na zilipo utando haukamiliki."

"Sasa nifanye nini?"

"Paka asidi ya kusafishia mishono, iyeyushe chembe hizo. Suuza sana. Kisha acha."

"Niache nini?"

"Acha tu."

Mageti alivaa glavu, akapaka, akasuuza. Mshono ulibaki na rangi ya majivu. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Dada yake, aliyekuwa wima tangu alfajiri, alikaa juu ya kreti, mabuti miguuni, macho ameyafumba.

"Dada, mbona limefifia hivi? Nipitishe brashi kidogo tu…"

"Mdogo wangu, ukiligusa nitakuchomelea wewe kwenye geti."

Mageti akakaa juu ya mikono yake.

Jioni mkaguzi alipitisha kitambaa cheupe chenye maji juu ya mshono, akangoja, akapitisha tena. Kikatoka cheupe.

"Haya, tieni maziwa," alisema, akaondoka bila kumpongeza mtu. Kazi ya kurudisha utando ilikuwa imefanywa na hewa, nayo haikuonekana kuchoka.

Dada alinyanyuka kwa kujishika kiuno, akaenda kufungua bomba la maziwa.