Herufi Zinazofunga Midomo

Mtaani walimwita Redio, na aliyempa jina hilo hakumwonea huruma. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Akianza neno, linakwama, linakwaruza, linapotea, kama redio mbovu inayotafuta stesheni. Wenye utani walimsalimia asubuhi wakizungusha hewani kitufe kisichokuwepo. "Redio, mawimbi vipi leo?" Naye huinua nyundo, hucheka nao, yanaisha.

Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi barabarani, fremu za mbao zimeegemea ukuta, sponji zimepandana hadi darini. Mteja akileta kochi la zamani, Redio hasemi bei mpaka akichane kitambaa chote aone fremu. Wengine walinuna. Kitambaa bado kizima, wanasema, unachana cha nini? Yeye anachana tu.

Akipiga kitambaa kipya, aliweka misumari midogo katikati ya midomo, akaichomoa mmoja mmoja. Mafundi wengi wa makochi hufanya hivyo. Ila Redio aliiweka hata siku ambayo hakuna kochi. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi kwa nini hasemi.

Aliyesema ni mke wake. Alikaa pembeni na cherehani akishona vitambaa vya makochi, na mteja akiingia ndiye aliyempokea, akapatana naye, akamtania, akamfukuza ikibidi. "Ongea na mimi," alikuwa akisema. "Huyu ni mikono, mimi ni mdomo." Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mezani aliomba yeye. Binti yao alipougua, aliomba yeye. Binti alipoolewa, aliyetoa neno la wazazi ni yeye, na Redio alisimama kando akitikisa kichwa, kuonyesha kwamba wamekubaliana.

Sasa mdomo ule ulikuwa unafungwa. Ini lilikuwa limeharibika, na daktari, mtu mwema asiyezungusha maneno, aliwaambia wamrudishe mgonjwa nyumbani apumzike. Hakuna aliyeuliza apumzike mpaka lini. Walimwekea kitanda karakanani, kwa sababu ndipo palipokuwa na hewa, na kwa sababu alikataa kulazwa chumba cha nyuma. "Mimi si gunia," alisema. Dada yake, shemeji wa Redio, alikuja kumuuguza, mwanamke wa maneno makali na mikono laini, na Redio akahamishia kochi lao la nyumbani kando ya kitanda ili awe na pa kukaa.

Mchana mmoja, Redio akiwa anamlowesha midomo kwa pamba, mke wake alimwambia, "Mzee wangu, nina neno."

Akainua nyusi.

"Nataka uniombee."

Redio akagusa kifua chake, kisha akaelekeza kidole juu. Maana yake: nakuombea kila siku.

"Najua unaniombea moyoni. Safari hii nataka nisikie. Tangu unioe sijawahi kukusikia ukiniombea kwa sauti. Nisiondoke hivi."

Akaweka pamba chini, akatoka nje.

Kati yake na Mungu kulikuwa na jambo ambalo hata mke wake hakulijua lote. Alipokuwa kijana, mhubiri mmoja mgeni alimshika taya mbele ya kanisa zima, akampaka mafuta, akakemea, kisha akamwambia aseme "Bwana asifiwe". Kijana akakwama kwenye B. Watu wakangoja. Akazidi kukwama, mate yakamtoka. Mhubiri akaondoa mkono, akajifuta kwa leso, akawaambia watu kwamba huyu hana imani. Tangu siku ile Redio hakuomba tena habari ya mdomo wake. Kanisani alienda, akakaa benchi la nyuma, akatoa sadaka. Lakini aliona kama amepeleka kochi kwa fundi akarudishiwa vile vile, bila kuambiwa sababu.

Akaenda kumwita mzee wa kanisa. Huyu alikuwa na sauti ya kengele, na maombi yake yalikuwa marefu mno. Wenyeji wake walishazoea kufunika chai kabla hajafumba macho. Alikuja, akaomba, akapitia uumbaji, akapitia manabii, akafika kwa mgonjwa akiwa amelowa jasho. Mgonjwa alimshukuru.

"Hayo yatanifikisha, mzee wangu wa kanisa," alisema. "Nenda salama." Alipotoka, akamgeukia mumewe. "Nilikuomba wewe, umeniletea spika."

Shemeji akaangua kicheko, kisha akaenda jikoni kulia.

Redio akakaa uani na kutengeneza maombi. Alizijua herufi zake: nyingine humkwaruza tu akiwa na hofu, zikapita, ila zote zinazofunga midomo, M na B na P, neno likianza nazo amekwisha. Na humo ndimo walimojaa wote aliotaka kuwataja. Mungu. Bwana. Baba. Mwokozi. Yesu lilipita, maana halifungi midomo. Basi akaanzia hapo, akachagua maneno kama anavyochagua mbao, lenye fundo anatupa, mpaka akapata maombi laini mwanzo hadi mwisho. Akayakariri. Akayasema mbele ya ukuta na ukuta haukucheka.

Kesho yake alasiri akakaa kwenye lile kochi, akashika mkono wa mke wake uliokuwa umebaki mifupa. Shemeji alisimama miguuni pa kitanda.

"Yesu, tuko hapa," alisema Redio. "Huyu anaumwa sana. Kaa karibu naye. Asiogope. Yeye ni wako tangu zamani. Asante kwa yote. Amina."

Hakukwama hata mara moja. Shemeji alibaki mdomo wazi. Redio mwenyewe alihisi joto shingoni, kama mtu aliyeshinda mbio.

Mke wake alivuta pumzi za juu juu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Redio hakuelewa.

"Huyu anaumwa. Yeye ni wako. Huyu nani? Yeye nani?" Alipumzika. "Mimi ni mkeo. Kwenye maombi yote hayo sikujisikia. Umeniruka, mzee wangu, kwa sababu ninaanza na M."

Hata angepigwa kofi asingeumia hivyo. Joto la shingoni likawa aibu.

"Dada, mwache," shemeji alisema. "Ameomba vizuri, unataka nini tena?"

"Wewe nyamaza, huyu ni wangu." Akamtazama mumewe. "Sema. Kuna nini?"

"Si-sitaki a-a-anisikie hi-hivi," alisema Redio. "N-nilimwambia za-zamani a-anitengeneze. A-alikataa. Ni ai-aibu."

Ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kulitoa jambo hilo. Mke wake alifumba macho, wakadhani amelala. Lakini alikuwa anakusanya nguvu.

"Mteja akikuletea kochi hataki ulichane, mimi humwambiaje?"

Jibu alilijua. Humwambia: fundi hatazami kitambaa, fundi anataka fremu.

"Sasa wewe umempelekea Mungu kitambaa. Kizuri, kimenyooka. Mpelekee fremu."

"N-na a-asipoi-itengeneza?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, shemeji akamwinua, akamfuta mdomo, akamlaza tena. Akanyoosha kidole kwenye kochi alilokalia mumewe. Springi moja ilikuwa imetoboa kiti tangu binti yao akiwa mchanga. Fundi wa makochi ya watu hakuwahi kupata nafasi ya kutengeneza lake. Kila aliyekaa pale alijua akae kwa upande.

"Hilo hukulitengeneza. Umelitupa? Tumelikalia maisha yetu yote. Binti yetu amenyonya hapo." Sauti ilikuwa inaisha. "Mungu si mteja, mzee wangu. Hana haraka. Na mimi leo siendi sokoni. Kwama tu. Mwite Baba, uniombee kwa jina langu la mke."

Redio akafumba macho. Alipokuwa anapambana na neno alifumba macho daima, asione nyuso za wanaongoja. Midomo ikajifunga juu ya B, shingo ikakaza, mishipa ikasimama.

"Ba," alisema. "Ba-ba. Ba-ba-ba. Ba-ba-ba-ba."

Halikutoka. Alijaribu kulisukuma mpaka mwisho kama watu wengine, likarudi mwanzo, ba-ba, ba-ba, na machozi yakaanza kumtoka kwa hasira. Ndipo akamsikia mke wake, sauti ndogo kama uzi.

"Mbona limetoka? Baba, Baba. Wenzako humwita mara moja. Endelea."

Akaendelea. Hakulisukuma tena. Aliliacha likwame lilivyotaka, na kila lilipokwama lilikuwa limeita. Mkono alioushika ukambana kidogo. Kisha akalivaa la pili.

"M-m-m," alisema. "M-m-m-m."

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Halikuwa na njia ya mkato, midomo imefungwa, pumzi imesimama. Barabarani mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Redio alisukuma, akaacha, akasukuma, hakuharakisha, maana aliambiwa hakuna haraka. Lilipofunguka lilitoka zima, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"M-mke wangu!"

Mkono wa shemeji ulikuwa begani mwake. Alifumbua macho. Mkono aliokuwa ameushika haukumbana tena, na ile pumzi ya juu juu iliyojaza chumba muda wote haikuwepo.

"A-a-amesi-sikia?" aliuliza.

Shemeji alikuwa mtu asiyejua kudanganya, hata pale ambapo uongo ungekuwa fadhila.

"Ulipokuwa kwenye Baba alikuwa anatabasamu," alisema. "Hilo la mke, shemeji, sijui. Sijui kabisa."

Walimzika. Mzee wa kanisa aliomba vizuri, mengi na marefu, na watu wakasema ni mazishi ya heshima. Binti alikaa siku kadhaa, akafua, akapika, akarudi kwa mumewe. Shemeji aliondoka wa mwisho. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, akaona afadhali amfunge kifungo cha shati, akaenda zake.

Baadaye mama mmoja alileta kochi. Aliingia akitazama upande wa cherehani, kama walivyozoea wote, akakuta imefunikwa. Akasimama hajui aongee na nani. Redio alitema misumari kiganjani.

"Ka-ka-karibu, m-m-m..."

Yule mama akangoja. Uso wake ulionyesha kwamba inamwumiza kungoja, lakini akangoja, na neno "mama" likafika.

Alipoondoka, Redio hakuanza kazi. Alikaa kwenye kochi lao bovu, kwa upande, kando ya mahali palipokuwa na kitanda. Maombi yale yalikuwa yamekatikia katikati. Hakujua kama mtu anaruhusiwa kumwombea aliyekwisha kuzikwa, na hakuwa na wa kumwuliza; aliyekuwa akimwulizia mambo ndiye huyo. Akafumba macho.

"Ba-ba-ba-ba," alisema. "M-m-mke wangu. M-m-m-m..."

Alitaka kusema "mpokee". Alikaa nalo mpaka jua likahama mlangoni. Likatoka, vipande vipande. Likabaki neno moja tu, Amina, na hilo kwake ni jepesi, halianzi na herufi ya kufunga midomo.

Hakulisema. Alikuwa hajamaliza.