Mvua ya Mawe Hewani

Kazini walimwita Bi Mawingu, na jina lilimkaa sawasawa. Kila siku alisimama mbele ya kitambaa cha kijani, akaonyesha kwa mkono ramani ambayo watazamaji waliiona na yeye hakuiona, akasema jua litawaka au halitawaka, kisha akapisha michezo. Mtu aliyesomea anga mpaka macho yakamuuma, anapewa dakika mbili! Hazikutosha hata kusafisha koo.

Mchana ule alitabiri manyunyu. Neno lenyewe lilikuwa bado mdomoni pale bati la studio lilipolia kwa! Kisha kwa-kwa-kwa, mpaka ikawa kama malori yanamwaga kokoto juu ya paa.

"Watazamaji," alisema, akicheka bila kutaka, "nimesema manyunyu. Naona mbingu zimenikatalia hadharani. Hii ni mvua ya mawe!"

Sikioni mwake mwongozaji wa matangazo alipiga kelele. Walimwita Sekunde kwa jinsi alivyozihesabu. "Usihame hapo! Michezo inaingia!"

"Michezo isubiri! Shemeji, nifuate!"

Shemeji ndiye mpiga picha, mume wa mdogo wake. Aliing'oa kamera kwenye miguu yake, akaitupa begani na kumfuata mbio hadi mlango wa nyuma, waya ukiburuzika kama mkia.

Uwanja ulikuwa mweupe pe. Bi Mawingu alijifunika beseni la mfagizi kichwani, akatoka mbio huku beseni likilia kama ngoma, akarudi studio na jiwe la barafu kubwa kama limau.

"Kisu! Na maji ya moto!"

Birika la chai na kisu cha mkate vilikuwa palepale mezani. Alikimwagia kisu maji hadi kikafuka mvuke, akalipasua jiwe taratibu, akaliinua mbele ya taa.

"Sogeza kamera, shemeji. Mnaona? Matabaka, kama kitunguu! Hili lilikuwa tone la maji tu. Upepo ukalirusha juu, likaganda. Likashuka, likalowa, likarushwa tena. Hapa peupe liliganda haraka, hewa ikanaswa ndani. Hapa panapong'aa liliganda polepole. Safari yake yote winguni imo humu, nami nimeishika mkononi!"

Sikioni mwake Sekunde alishusha sauti: "Kamera, karibu zaidi. Sogea karibu zaidi."

Simu za studio zikaanza kuita zote kwa pamoja. Waliunganisha moja hewani, akasikika bibi mmoja akihema.

"Mwanangu, langu kubwa kuliko lako! Mjukuu kashalilamba upande. Nimelipasua kwa shoka, na pete nazihesabu tano. Ni sawa?"

"Sawasawa kabisa, bibi! Lakini chunga vidole na hilo shoka!"

"Vidole vipo vyote. Endelea kusema, usinyamaze!"

Naye hakunyamaza. Alisema umeme unavyozaliwa, kwa nini wingu lile lilipanda kama mnara, na alivyokosea yeye mwenyewe kutabiri manyunyu. Maji yalimchuruzika usoni, wanja wa macho ukashuka mashavuni, wala hakujali.

Mlango wa studio ukafunguliwa. Aliingia Sekunde mwenyewe, amelowa chapachapa, viganja vyake vimefumbata kitu.

"Nimeliokota nje," alisema, hata hakukumbuka kwamba yuko hewani. "Lipasue na hili. Nataka kuona."